Babu alikwenda Burma na machela

Nikiwaambia watu babu yangu alikuwa vitani Burma, ndo Myanmar ya sasa, kwenye vita ya pili ya dunia, macho yanawatoka, wanataka bunduki, wanataka Wajapani, wanataka mabomu. Nikiongeza kwamba kazi yake ilikuwa kuosha vidonda, kushika ndoo mtu akitapika na kuhakikisha askari wamemeza vidonge, hamu inakatika palepale. Kuna ndugu mmoja kwenye harusi Chake aliniambia "aah, kwahiyo hakupigana". Hakupigana ndio. Alikuwa dresa wa jeshi, alivaa kaki kama wenzake, alipanda meli kama wenzake, ila yeye alibeba machela na mfuko wa bendeji. Na mimi ambae ni nesi, nimesomea Mbweni na mpaka leo niko wodini, naona yeye ndo alokuwa kwenye vita yenyewe, na sisemi hivo kwa mapenzi ya babu tu, nasema kwa hesabu.

Hesabu yenyewe hii. Jenerali Slim, Muingereza alokuwa akiongoza Jeshi la 14 kule Burma, aliandika baadae kwamba mwaka 1943 kwa kila askari mmoja aloondolewa mstari wa mbele kwa jeraha, waliondolewa 120 kwa maradhi. Mia na ishirini kwa mmoja! Malaria, kuharisha damu, homa ya utitiri, ngozi zinazooza kwa unyevu. Kwa mwaka ule malaria peke yake iliwapata asilimia 84 ya jeshi. Sasa niambie adui hapo ni nani, na nani alokuwa akipambana nae, mwenye bunduki au mwenye kidonge?

Lakini nianzie Pemba kwanza, mana vita ile ilifika Wete kabla babu hajaifuata. Ilifika kwenye sufuria. Mchele tulokuwa tukila visiwani wakati ule sehemu kubwa ulikuwa unatoka Burma, Wajapani walipoingia Rangoon Machi 1942 ukakatika, watu wakarudi kwenye muhogo na ndizi, na chakula kikawa cha kugaiwa kwa vipimo. Bibi yangu mpaka anakufa alikuwa hapendi kuona mtu anaacha punje za wali kwenye sahani, na ukimuuliza hasemi kitu cha dini wala adabu, anasema "hujaiona vita wewe". Babu wakati huo kijana, anafagia spitali ya Wete na kuwasaidia wakubwa kuchemsha vyombo, amesoma chuo cha Kurani na amejifundisha herufi za kizungu kwenye chupa za dawa, hiyo ndo ilokuwa skuli yake. Jeshi lilikuwa linatafuta vijana wenye mwanga kidogo wa mambo ya hospitali, basi akavuka kwa jahazi mpaka Mombasa akaandikwa.

Baba yake alikataa. Na alikuwa na haki ya kukataa, mana wazee wale walikuwa wanaikumbuka vita ya kwanza vizuri, ile ilokuja mpaka mlangoni, Septemba 20 mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza ikiwa imetia nanga hapo Unguja mjini, mabaharia wao wamezikwa kisiwani Chapwani mpaka leo, watalii wanapita wanapiga picha. Halafu wakaja kutafutwa wapagazi. Hata Askofu Weston wa kanisa la Mkunazini alikwenda bara mwaka 1916 akiongoza wapagazi yeye mwenyewe. Wapagazi wa vita ile, wa pwani na wa bara, waliuliwa na njaa na kuharisha kuliko risasi, na habari zao zilifika Pemba bila gazeti. Kwahiyo mzee alijua anachokisema alipomwambia mwanawe kwamba Mzungu akikuita vitani anataka mgongo wako. Babu akaenda hivohivo, akasema yeye haendi kubeba mizigo. Kumbe kazi kubwa ya dresa ni kubeba! Watu wanne machela moja, kwenye tope, na alo juu yake analia.

Alitiwa kwenye kikosi cha matibabu cha jeshi la Afrika Mashariki. Mafunzo alikuwa anayahadithia kwa kucheka tu, mana Kiswahili cha keya, yaani cha jeshi la KAR la Waingereza, kilikuwa kinamuuma masikio, ofisa anasimama mbele anasema "mimi hapana taka kuona chafu" na Wapemba wawili watatu nyuma wanauma midomo wasicheke. Lakini alichofundishwa ni kitu kilekile nilichofundishwa mimi miaka mingi baadae: chemsha, nawa, pima homa, andika, geuza mgonjwa, tizama mkojo, na choo kichimbwe mbali na maji. Somo la choo alisema lilikuwa refu kuliko la bunduki, na askari walikuwa wakiwadharau madresa kwa hilo, wanawaita majina siwezi kuyaandika hapa.

Kutoka Kilindini walikwenda Ceylon, ndo Sri Lanka ya sasa, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inajifunzia huko mambo ya msituni. Babu alikuwa keshafika wakati wa ile meli. Nataka nikae hapa kidogo kwenye meli, mana nimeona watu wa kwetu wengi hawaijui, MV Bukoba tunaijua, Spice Islander tunaijua na tumezika, lakini hii ilotoka Mombasa na watu wanaozungumza lugha yetu hatuna habari nayo.

Meli inaitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 kwenye msafara wa meli tano za kubeba watu, inaelekea Colombo, na ndani mna watu zaidi ya 1,500. Wengi ni vijana wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Na mlikuwa na wanawake, manesi wa jeshi la Uingereza zaidi ya 50, na wengine wa kikosi cha wanawake cha majini na wa huduma nyengine, walokuwa wanapelekwa kwenye hospitali za upande ule wa vita. Yaani kwenye meli moja wapiga mizinga na watakaowauguza. Jumamosi ya tarehe 12, mchana, karibu na Maldives, watu wengine wamekaa ukumbini wanasikiliza muziki, nyambizi ya Kijapani I-27 ikawapiga topido mbili. Meli ilizama ndani ya dakika mbili. Dakika mbili! Mimi kuvaa glavu na kufungua seti ya kushonea inanichukua zaidi ya hapo. Walikufa watu 1,297, katika hao wanawake 77, na walookolewa ni wanaume 208 na wanawake sita.

Na hapo bado. Kuna walokuwa hai wanaelea, wameshika mbao, na nyambizi iko chini yao imejificha. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zina meli nyengine nne za kulinda zimejaa watu. Petard ikapita palepale ikamwaga mabomu ya chini ya maji, kwenye watu wao wenyewe. Nyambizi ililazimika kuja juu na mwishowe ikazamishwa. Nimezungumza na wenzangu kazini kuhusu uamuzi ule, usiku wodi ikitulia, na hatujakubaliana mpaka leo. Mmoja anasema yule nahodha ni muuaji bas. Mimi siwezi kusema hivo. Ajali kubwa inapoingia, basi limepinduka au boti imeleta watu, kuna wakati unampita mtu anaekuita kwa jina la Mungu kwa sababu pembeni yake yuko mwengine ambae ukimuwahi anaishi, na yule ulompita anakuona unavyompita. Tunafundishwa kufanya hivo na tunapewa mpaka rangi za kuwafunga mkononi. Ila mimi simuui ninaempita, nahodha aliwaua, kwahiyo hata mimi najibishana na nafsi yangu.

Babu alisema kule kambini Ceylon hawakutangaziwa. Walisikia kwa kunong'onezana kutoka kwa mabaharia, na wao walichoambiwa ni kwamba masista, ndo wale manesi, waliokuwa wakitegemewa hawaji. Hawaji tu. Zamu zikapangwa upya. Majina ya wale vijana wa mizinga yako Nairobi kwenye ukuta wa kumbukumbu makaburi ya vita, ukipata safari nenda ukayaone, ni majina ya kina sisi.

Basi wakaenda Burma. Divisheni ya 11 iliingia bonde la Kabaw katikati ya mwaka 1944, wakati wa masika ya kule, mvua ambayo babu alisema masika ya Pemba mbele yake ni manyunyu, na majenerali wengi wa zamani walikuwa wanasema bonde lile halipitiki wakati wa mvua kwa ajili ya homa. Wakapitishwa Waafrika. Sisemi zaidi hapo, msomaji unajua mwenyewe. Barabara ilikuwa tope la kufika magotini, magari yanazama, chakula na dawa vinatupwa na ndege kwa parachuti, na mgonjwa akishindwa kutembea ni machela mpaka palipo na uwanja wa kubahatisha ambao kindege kidogo kinaweza kutua.

Kwenye mambo ya malaria kulikuwa na kidonge kinaitwa mepakrini. Kila siku, kila mtu, lazima. Kidonge kichungu, kinageuza ngozi na macho njano, na uvumi ukaingia kwamba kinaua nguvu za kiume, na uvumi wa namna hiyo mnaujua unavyokwenda, tumeuona kwenye matende tunapogawa dawa, tumeuona kwenye chanjo, tumeuona kwenye korona. Askari wakawa wanakificha chini ya ulimi wanakwenda kutema. Kazi ya babu kila magharibi ilikuwa kusimama mbele ya mstari, mtu anameza mbele yake, anafungua mdomo, anainua ulimi, ndo anapita. Vijana wakubwa wenye bunduki wanafunguliwa midomo na mfagiaji wa Wete! Alipigwa mara moja, kofi, na sajini. Slim kwa upande wake alikuwa anapimisha watu damu kwa kushtukiza, kikosi kikionekana hawamezi kamanda anafukuzwa kazi, akafukuza watatu, baada ya hapo makamanda wenyewe wakawa wanasimama na madresa kwenye mstari. Nampenda Slim kwa hilo tu. Miaka yote nilofanya kazi nimeona mabango ya afya na nimeona semina na posho za semina, bado sijaona mkubwa anafukuzwa kwa sababu watu wake hawakumeza dawa.

Homa ya utitiri ndo ilomtia babu hofu kuliko zote. Vile vidudu vidogo vya kwenye majani, havionekani, vinakuuma, panabaki kidonda cheusi kama mtu kakuzimia sigara, halafu siku zinapita, homa inapanda, kichwa, vipele, mtu anaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Dawa yake haikuwepo. Kloramfenikol ilikuja kujaribiwa kwa ugonjwa huu nchi ya Malaya, ndo Malaysia ya sasa, mwaka 1948, vita imeshakwisha. Kwahiyo 1944 daktari akija kwenye kitanda cha mgonjwa huyo hana la kuandika, alobaki ni nesi. Homa ikipanda unampangusa na maji, mdomo unausafisha usiote ukungu, maji unampa kijiko kijiko, unamgeuza mgongo usichubuke, unaangalia kama anakojoa, na unakaa. Siku kumi na nne hivi homa inashuka au mtu anakufa. Babu alikuwa anaweza kuhadithia mgonjwa mmoja mmoja, Mnyasa mmoja, mtu wa Malawi ya sasa, alokuwa akimwita mama yake, Mkamba mmoja alosema yuko kwenye harusi na anataka babu ampishe acheze ngoma. Huyu wa harusi alipona. Nilipokuwa mwanafunzi mwalimu wetu alituambia uuguzi unaonekana vizuri pale dawa inapokosekana, darasa zima wakaandika, mimi sikuandika mana nilikuwa nishasikia barazani.

Masista walikuwa nyuma, kwenye hospitali kubwa. Wanawake wa jeshi la uuguzi la Malkia Alexandra, tangu 1941 walikuwa na vyeo vya kiofisa, kwahiyo babu kwao anasimama wima. Alipelekwa kwa muda kwenye hospitali moja ya nyuma na wagonjwa wake, na huko kulikuwa na sista mmoja alomfundisha kazi kwelikweli, mkali, hacheki, akiona kona ya shuka haikukunjwa anatandua kitanda kizima. Yeye anataka Kiswahili, babu anataka kusoma chati. Wakabadilishana. Babu hakumpamba huyu mama, alisema wazi mshahara wake na wake ni ardhi na mbingu, na pakipigwa kengele ya chakula kila mtu anakwenda upande wa rangi yake. Lakini usiku saa nane, mtu anaweweseka, wanakuwa wawili tu, mmoja ameshika bega mmoja ameshika miguu. Alimfundisha sista kusema "pole", na sista akawa anaisema kwa kila kitu, hata sindano ikivunjika anaiambia pole.

Desemba 1944 divisheni ikafika Kalewa kwenye mto Chindwin na mafundi wa jeshi wakajenga daraja la vyuma la futi 1,154, na picha za daraja lile zipo nyingi. Picha za choo kilichochimbwa vizuri hakuna. Baada ya hapo Divisheni ya 11 ikapumzishwa, na babu alirudi Pemba 1946, akapata kazi kwenye zahanati ya shamba, kuosha vidonda vya wakulima na wapanda mikarafuu walovunjika, mpaka akastaafu. Nishani ya Nyota ya Burma aliipata, sikumuona akiivaa hata siku moja. Alichokuwa nacho ni tabia. Ukirudi kucheza anakagua miguu yako baina ya vidole. Ukila dawa mbele yake anasema "ulimi!", na wewe unainua ulimi, na hapo unajua huko Kabaw kulikuwaje.

Kitu kimoja ambacho wajomba zangu hawakupenda akihadithie ni habari ya Tamu. Tamu ni mji mdogo mpakani na India. Wajapani walikuwa wamejaribu kuingia India kupitia Imphal wakashindwa, wakarudi nyuma bila chakula wala dawa, na majeshi yetu yalipofika Tamu, Agosti 1944, mji ulikuwa umejaa maiti, mia kadhaa, hawakuzikwa, wengine wamekusanyika kwenye masanamu ya Buddha. Si risasi hizo. Njaa na kuharisha. Katikati ya maiti mlikuwa na watu hai. Na amri ikaja, madresa waingie.

Askari wengine walikataa kushika machela. Walikuwa wanajua habari ya ile meli, wengine walikuwa na ndugu ndani yake, na huyu aliyelala hapa ni Mjapani. Babu akapewa mmoja, alisema mwepesi, alimuinua peke yake, macho wazi, mavi mpaka mgongoni. Akamvua, akamuosha, akamlaza ubavu, akachanganya maji na chumvi na sukari kidogo, akaanza na kijiko. Siku ya tatu yule mtu akashika kijiko mwenyewe. Kisha akapelekwa nyuma na wafungwa wengine, habari yake ikaishia hapo.

Wajomba walikuwa wanataka hadithi ambayo babu anamlaani. Mmoja alikuwa anasema kabisa, "mzee hiyo usiwahadithie watoto". Mimi ndo nilokuwa mtoto mwenyewe, nimekaa chini karibu yake, sinia mbele yetu, wali na mchuzi wa kunde, na kwa utani wa babu na mjukuu alikuwa ananiita mke wangu, bibi ananiita mke mwenzangu. Nikamuuliza, babu, Mjapani yule hukumuogopa?

"Mke wangu, mtu anaharisha vile utamuogopa nini? Mchuzi mtupu kama..." na akaangalia sinia.

Bibi akamkata. "Mwanamme we, watu wanakula! Na wewe mke mwenzangu ushazidi masuali, inua tonge hilo."

Babu akainua yeye. Mimi kunde zilinishinda siku ile.